Imani ya mteja wa simu haijengwi kwa mabango

WAKAZI wa Dumila, mji mdogo wa wilaya ya Kilosa ulio kando ya barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, huishi kwa biashara ya njiani na ya mazao, na kwa miaka mingi sasa fedha za biashara hiyo hupita katika simu ya mkononi. Mnunuzi aliyeko Dar es Salaam hutuma malipo kabla ya mzigo kupakiwa, naye mkulima huachia magunia yake kwa sababu tu ameona ujumbe umeingia. Ujumbe huo ukianza kutiliwa shaka, biashara nzima huyumba.

Shaka hiyo haikuzuka bure. Tangu Vodacom ilipoanzisha M-Pesa hapa nchini mwaka 2008, matapeli nao wamekwenda sambamba na huduma hiyo, hata ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” umekuwa mzaha wa vijiweni. Katika taarifa za kila robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), mikoa ya Rukwa na Morogoro imetajwa mara kwa mara kuwa kinara wa majaribio ya ulaghai kwa njia ya simu.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofuatiwa na kufungwa kwa laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, ulipunguza mwanya lakini haukuuziba. Laini yaweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari, hususan mzee aliyetakiwa kuweka kidole mara mbili kwa kisingizio kwamba cha kwanza hakikusoma. Ndiyo maana wananchi huhimizwa kupiga *106# ili kuhakiki namba zilizoandikishwa kwa majina yao, na kuripoti namba za matapeli kwenda 15040.

Lililotia uchungu zaidi majumbani ni mikopo ya mtandaoni. Programu za mikopo ziliomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zilizomo katika simu, na mkopaji alipochelewa kulipa, ujumbe wa kumfedhehesha ulitumwa kwa mama mkwe, kwa mwajiri, hata kwa jirani. Deni la mtu mmoja likageuka aibu ya ukoo. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Je, kampuni yenye nia njema ifanye nini mbele ya mteja aliyekwisha kuumwa na nyoka? Kwanza iache kuomba isichokihitaji. Anayekopesha fedha hana haja na namba ya shangazi wa mkopaji. Pili, izungumze na mteja kwa mlango mmoja unaojulikana. Mteja aliyezoea kwamba huduma ya mtandao wake ni namba 100 humtambua mapema mlaghai anayepiga kwa namba ya kawaida. Lakini kampuni hiyohiyo ikimmwagia mteja matangazo ya bahati nasibu kila jioni, humzoesha kuamini ahadi za bure, na hapo humwandalia tapeli shamba lililolimwa.

Jina la mpokeaji linaloonekana kabla ya kuweka namba ya siri limeokoa fedha nyingi kuliko mabango yote ya tahadhari. Ni jambo dogo, lakini liko mahali panapohitajika.

Kwa upande wa watoto, Kenya imetoa funzo. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini humo aliitoza shule ya Roma ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kampuni ya mikopo ya Mulla Pride nayo ilitozwa Sh2,975,000 kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa wengine.

Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na imeziweka taarifa za watoto na za miamala ya fedha katika kundi la taarifa nyeti. Mzazi wa Dumila anayeona picha ya mwanawe katika tangazo asiloliridhia ana haki ya kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.