Baiskeli ya Umeme Dubai: Kuchaji ni Fils, Betri Ndiyo Kodi

Kila mwaka joto likianza kupungua, kuanzia Oktoba hivi, swali ni lile lile: "Jamani, ninunue baiskeli ya umeme niache kulipa basi?" Wanaouliza ni kina dada wa kampuni za usafi wanaokaa bedspace Satwa na Deira, na kina kaka wa site wanaokaa Al Quoz na Muhaisnah. Wote wamemwona mwenzao anapita kimya kimya, hatoki jasho, hasubiri basi, na wao wamesimama kituoni na kadi ya Nol mkononi.

Jibu letu la haraka: inategemea unalipa nauli kiasi gani sasa hivi, na umebakiza muda gani kwenye mkataba wako. Hebu tupige hesabu pamoja. Lakini kwanza tuwape kisa kimoja cha hapa kwetu.

Ya mwenzetu

Mwenzetu mmoja, fundi plasta, alinunua baiskeli mwezi wa tatu kutoka kwa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani. Dirham 1,400. Ili azipate alipunguza hela ya kutuma kwao miezi miwili mfululizo, akamwambia mama watoto, "Vumilia, nauli itarudi." Na kweli Aprili na Mei alikuwa anacheka. Chaji moja ilimfikisha kilomita zaidi ya 30.

Ilipofika Julai, chaji hiyo hiyo ilikuwa haimpeleki hata kilomita 10. Kumbe baiskeli ilikuwa inalala nje ukutani, upande unaopigwa na jua kutwa nzima, na yeye akitoka kazini anaichomeka papo hapo betri ikiwa bado ya moto. Alipouliza bei ya betri mpya akaambiwa dirham 750. Wiki hiyo hiyo akapigwa faini ya dirham 300 kwa kupita barabara kubwa. Karo ya watoto ilichelewa muhula mzima.

Hakuwa mzembe. Hakuna aliyemwambia tu. Ndiyo maana tunaandika haya.

Hesabu yenyewe

Tuanze na umeme, maana ndio unaodanganya watu. Betri imeandikwa volti na Ah. Zidisha. Betri ya volti 48 na Ah 10 inabeba wati-saa 480, yaani karibu nusu ya uniti moja. Kwa bei ya DEWA ya nyumbani, ngazi ya chini ni fils 23 kwa uniti, ukiongeza gharama ya mafuta na kodi, kujaza betri nzima hakufiki fils 20. Ukichaji kila siku ya kazi, mwezi mzima ni kama dirham 5. Karibu bure, ndiyo. Ila umeme siyo gharama kubwa ya baiskeli hii. Gharama kubwa ni betri yenyewe, na betri inaliwa na joto.

Sasa tuchukue mfano. Baiskeli dirham 1,800. Helmeti, koti la rifleta na kufuli zuri dirham 200. Jumla 2,000. Hiyo ni zaidi ya dola 540, maana dirham imefungwa kwa dola kwa 3.6725. Kwa Mkenya ni kama shilingi 70,000 dola ikiwa 129. Weka picha hiyo kichwani kwanza.

Halafu kila mwezi: weka dirham 30 za betri mpya, ambayo kwa joto la huku usishangae kuihitaji baada ya miaka miwili, dirham 30 za tyubu, breki na fundi, dirham 5 za umeme. Jumla 65. Na miezi mitatu ya kiangazi kikali tuhesabu unapanda basi, maana ndivyo itakavyokuwa.

Pasi ya Nol ya Silver ya siku 30 ni dirham 140 kwa zoni moja na 230 kwa zoni mbili. Kwa mkataba wa miaka miwili:

- Zoni moja. Basi peke yake: 3,360. Baiskeli pamoja na basi la kiangazi: 4,400. Umepoteza 1,040.
- Zoni mbili. Basi peke yake: 5,520. Baiskeli pamoja na basi la kiangazi: 4,940. Umeokoa 580, yaani kama dirham 24 kwa mwezi.
- Anayelazimika kupanda teksi asubuhi kwa sababu basi halijaanza, dirham 12 mara 26 kwa mwezi, jioni anarudi na wenzake bure. Teksi peke yake: 7,488. Baiskeli, na teksi wakati wa kiangazi: 5,432. Umeokoa zaidi ya 2,000.

Mnaona? Faini moja ya 300 inakula zaidi ya nusu ya faida ya mtu wa zoni mbili. Na kama umebakiza mwaka mmoja tu kwenye mkataba, mtu wa zoni mbili anakula hasara, labda aiuze kwa bei nzuri sana.

Wewe unayebebwa na basi la kampuni kutoka kambini hadi site na kurudishwa, nauli yako ni sifuri. Baiskeli kwako ni ya kwenda supamaketi na kutuma hela. Ni raha, hatukatai, lakini iite raha, usiiite akiba. Na wewe dada unayelala kwa madam, unayetoka siku yako ya mapumziko tu, usinunue. Kuna baiskeli za Careem zilizowekwa vituoni tangu 2020 kwa ushirikiano na RTA, zina mota ya kukusaidia kukanyaga. Unakodi kwa app, unarudisha kituo chochote, betri siyo shida yako.

Sheria, kabla hujatoa hela

Dubai ina kanuni ya baiskeli na skuta ya mwaka 2022. Mambo ya kushika ni haya.

Usipite barabara ambayo kikomo chake cha kasi kinazidi kilomita 60 kwa saa. Faini ni dirham 300. Hapo ndipo wengi wetu tunanaswa, kwa sababu kambi nyingi zimezungukwa na barabara kubwa. Kwa hiyo kabla ya kununua, tembea njia yako yote kwa miguu siku ya mapumziko, uangalie vibao. Kama hakuna njia ya kufika kazini bila kugusa barabara hiyo, hadithi imeishia hapo. Usinunue.

Helmeti ni lazima, bila hiyo ni dirham 200. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kengele na breki zinazoshika. Usibebe mtu kama haina kiti chake. Usishike gari linalokwenda.

Kibali cha skuta ya umeme kinatolewa bure mtandaoni na RTA, kuanzia umri wa miaka 16, baada ya mafunzo mafupi na mtihani. Mwenye leseni halali ya udereva hahitaji. Hata kama yako ina pedali, ushauri wetu ni uchukue kibali hicho, hakikugharimu kitu. Ila ile mashine isiyo na pedali, yenye kiti kirefu na inayokimbia kama pikipiki, usidanganywe na muuzaji akikuambia "hii ni baiskeli tu." Polisi hawatakuuliza alichosema muuzaji, wataibeba.

Na usipange kuunganisha na Metro. Wanaruhusu skuta inayokunjika, isiyo na kiti, isiyozidi kilo 20. Baiskeli yako nzito haitapita getini.

Kuitunza mwaka mzima

*Novemba hadi Machi* ndio msimu wa raha. Panda kila siku. Adui hapo ni ukungu wa alfajiri. Washa taa zote mbili hata kama wewe unaona vizuri, maana dereva hakuoni. Vaa rifleta.

*Mvua* huku ni chache lakini ikija inakuja kweli. Wote tunakumbuka Aprili 16, 2024, barabara zilivyogeuka mito. Maji yakifika katikati ya gurudumu, shuka usukume. Mota nyingi ziko ndani ya gurudumu la nyuma, na maji yakiingia umeumia. Usioshe baiskeli kwa mpira wa presha hata siku moja. Kitambaa chenye unyevu kinatosha.

*Vumbi* ni la mwaka mzima. Usimwage oili ya gari kwenye cheni, mchanga unanata na kugeuka msasa. Futa cheni kwa kitambaa kikavu kila wiki, kisha weka kilainishi chepesi kidogo tu na ufute kinachobaki. Baiskeli hizi ni nzito, kwa hiyo breki zinaisha haraka kuliko za baiskeli ya kawaida. Ziangalie kila mwezi, pamoja na nati na spoki za gurudumu lenye mota. Upepo wa tairi upime asubuhi tairi likiwa baridi.

*Juni hadi Septemba* ndiko hela inakopotelea. Fikiria hivi: kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15 serikali inazuia kazi ya juani kati ya saa 6:30 mchana na saa 9 alasiri. Kama jua hilo halifai mwili wako, halifai betri yako pia. Betri za lithiamu kwa kawaida hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto zaidi ya nyuzi 45, na iliyokaa juani huvuka hapo. Kwa hiyo:

- Itoe betri kwenye baiskeli ukifika, uingie nayo ndani.
- Iache ipoe saa moja ndipo uichaji. Usichomeke ya moto.
- Siku za kawaida iache kati ya asilimia 20 na 80. Jaza yote siku ya safari ndefu tu.
- Ukienda likizo nyumbani, iache nusu, ndani ya chumba chenye ubaridi. Ukiiacha tupu miezi miwili utaikuta imekufa.

Chumba kina watu sita

Hili tunaliomba kwa heshima. Betri ya lithiamu ikishika moto haizimiki kirahisi, na inatoa moshi mbaya. Bedspace ina mlango mmoja. Usichaji usiku mmelala. Usichaji kitandani wala mlangoni. Weka juu ya vigae, mbali na nguo, mtu akiwa macho, na chaja iliyokuja nayo, siyo ya kuokota. Ikivimba, ikinuka au ikianguka vibaya, acha kuitumia na usiifungue.

Na uliza kwanza. Kambi nyingi na wenye nyumba hawataki kabisa betri hizi vyumbani. Kama huna ruhusa na huna pa kuchajia, huna baiskeli, una chuma.

Siku ya kuondoka

Wapo wanaonunua wakisema, "Nitarudi nayo nyumbani." Ndege ya abiria kwa kawaida hairuhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160. Yako ina 480. Haipandi, hata umbembeleze nani kaunta. Panga kuiuza hapa hapa, na uiuze Oktoba au Novemba wanunuzi wakiwa wengi, usingoje Juni kila mtu akikimbia jua.

Na ukiwa wewe ndiye mnunuzi wa mkono wa pili, usilipe mpaka uipande ikiwa imejaa, uzunguke nayo nusu saa, uone chaji inashuka vipi. Betri iliyochoka hujaa haraka na huisha haraka. Kama imechoka, toa bei ya betri mpya kwenye bei anayotaka.

Kwa hiyo?

Jiulize matatu. Nalipa zaidi ya pasi ya zoni moja kila mwezi? Nina miaka miwili mbele yangu? Nina njia halali na mahali salama pa kuchajia? Ukijibu ndiyo mara tatu, nunua, na kuanzia mwezi wa kwanza weka zile dirham 30 za betri kwenye bahasha yake. Usizichanganye na za kutuma.

Kama jibu moja ni hapana, panda basi bila aibu. Yule mwenzetu fundi plasta aliuza baiskeli yake kwa dirham 400, akarudi kwenye pasi. Mwaka huu ameanza upya: ameweka pembeni nauli ya teksi aliyokuwa anatupa kila alfajiri, amefikisha dirham 1,100, na hela ya nyumbani hajaigusa. Anasema akifika 2,000, Novemba atakwenda kuangalia. Betri atalala nayo ndani.