BAHARI NI YA MWENYEZI MUNGU, NANI WA KUIFUNGA?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo linalozungumzwa sana katika vijiji vyetu vya pwani ya Pemba, na wakati mwingine huzungumzwa kwa hasira. Nalo ni yale maeneo ya bahari ambayo hairuhusiwi kuvua.

Kilichotusukuma ni swali. Siku moja baada ya darasa la fiqhi, mwanafunzi mwenzetu ambaye baba yake ni mvuvi wa madema alinyoosha mkono akasema: "Ustadhi, bahari si ya Mwenyezi Mungu? Basi nani kampa mtu ruhusa ya kuifunga?" Ustadhi hakumjibu siku ile. Alisema swali hilo ni zito, tena lina chakula cha watu ndani yake, na akatutaka tulitafutie jibu sisi wenyewe kabla hajasema lake. Makala hii ndiyo tuliyoyapata.

MWAMBA NI NYUMBA

Tuanze na mwamba wenyewe, kwani wengi wetu tunaujua kwa kuukanyaga tu. Tumbawe si jiwe. Ni kazi ya wadudu wadogo sana wa baharini, maelfu kwa maelfu, ambao kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Wakifa, chokaa hubaki, na wengine hujenga juu yake. Tumbawe la matawi linaweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka likipata maji mazuri, lakini yale makubwa ya mviringo huongezeka kiasi cha sentimita moja tu. Kwa hivyo tumbawe la ukubwa wa meza ambalo nanga ya mashua inaweza kulivunja kwa dakika moja, huenda lilianza kukua kabla hajazaliwa babu yako.

Miamba ya matumbawe haifiki hata asilimia 1 ya sakafu ya bahari zote za dunia, na juu ya udogo huo inakadiriwa kuwa kiasi cha robo ya aina zote za viumbe wa baharini huishi hapo au huitegemea kwa sehemu ya maisha yao. Changu, tasi, chewa, pono, kamba na pweza, wote hao hutafuta humo kivuli, chakula na mahali pa kujificha.

Na kila mmoja ana kazi yake. Pono hukwangua mwani juu ya matumbawe kwa ule mdomo wake kama wa kasuku, na bila yeye mwani hulifunika tumbawe likafa. Chokaa anayoimeza huitoa ikiwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe tunaochezea mpira imepita tumboni mwa pono, ingawa jambo hilo si la kulifikiria sana wakati wa kula. Kikande naye hula wale wanyama wa miiba mirefu myeusi inayotuchoma miguuni maji yakitoka. Watafiti waliofanya kazi katika miamba ya Kenya kwa miaka mingi wameeleza kuwa pale vikande walipovuliwa wakaisha, wanyama wa miiba walizidi mno, wakawa wanaula mwamba wenyewe. Mvuvi anayemtoa kikande hajui kuwa amemtoa mlinzi.

KWA NINI SAMAKI HUISHA

Wazee wetu walivua kwa mishipi na madema, na samaki hawakuisha. Leo watu ni wengi zaidi, nyavu zina macho madogo, na wako wanaopiga mwamba kwa fimbo na kukokota juya juu ya matumbawe. Baruti tusiizungumze kwa urefu. Ni haramu kwa sheria ya nchi, imewakata watu mikono, na mahali ilipolipuka mwamba hugeuka kifusi.

Lakini hata bila ya baruti kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Samaki mkubwa si sawa na samaki wadogo wawili au watatu waliojumlishwa. Chewa jike aliyekua hutaga mayai mengi mno kuliko jike mdogo, hata ukiwapima kwa uzito. Tena chewa wengi huzaliwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakiwa wakubwa. Pono wengi nao wana tabia hiyo. Sasa fikiri: mvuvi kwa kawaida humtaka samaki mkubwa kwanza. Akiwatoa wakubwa wote, ametoa mama wenye mayai mengi na ametoa madume pia. Wanaobaki ni wadogo, wanaotaga kidogo, na wanavuliwa kabla hawajataga hata mara moja. Hapo ndipo dema linapotoka maji likiwa na tasi wawili wa kiganja.

Eneo lililofungwa linafanya kazi mahali hapo hasa. Ni sehemu ya mwamba inayoachwa ili wakubwa wawepo. Mayai na watoto wa samaki ni wadogo mno, hawashiki mpaka wowote. Huchukuliwa na mkondo hadi kwenye miamba mingine. Na samaki wakubwa nao wakizidi ndani hutoka nje kutafuta nafasi. Huko Mombasa, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa katika miaka ya 1980, wavuvi wenyewe walikuja kuyapanga madema yao karibu na mpaka wa hifadhi, kwa sababu walijua nani anatoka humo. Hakuna aliyewafundisha darasani.

Hayo hayaji kwa mwaka mmoja. Tasi hukua upesi, chewa huchukua miaka mingi. Na kufunga hakuzuii kila balaa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yakawa meupe na kufa, yaliyofungwa na yasiyofungwa. Joto la namna hiyo limerudi tena mwaka 2016 na mwaka 2024. Anayesema kuwa eneo likifungwa basi mwamba umeokoka, huyo amezidisha.

KISIWA CHA MISALI

Mfano ulio karibu nasi ni Misali, kisiwa kidogo kisichofika kilomita moja ya mraba, magharibi ya Chake Chake. Wageni huambiwa kuwa haramia mmoja wa Kizungu, Kapteni Kidd, alificha hazina yake hapo. Hatujamsikia aliyeiona. Wazee wetu wana habari nyingine. Husimulia kwamba Nabii Hidhri alifika hapo, akawaomba wavuvi msala apate kusali, na wao hawakuwa nao. Akawaambia kuwa kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, ni mithali ya msala. Ndipo kikaitwa Misali.

Wavuvi wa vijiji vingi vya Pemba hufika huko, na wengine wametoka mbali na hupiga dago kisiwani kwa siku kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kujenga hoteli ya watalii kisiwani, na wavuvi waliupinga kwa kuwa wangefukuzwa. Baada ya mazungumzo marefu, mwaka 1998 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa na bahari yake kuwa hifadhi. Zingatieni jinsi ilivyofanywa: sehemu kubwa ya maji iliachwa wazi kwa uvuvi wa halali, dago zikabaki, na sehemu ndogo tu ya mwamba wa upande wa magharibi ndiyo iliyofungwa kabisa. Katika mpango huo wa awali sehemu ya ada ya wageni ilikusudiwa irudi katika shehia za wavuvi. Mwaka 2005 Misali iliingizwa ndani ya eneo kubwa zaidi la hifadhi linalochukua mkondo wa Pemba upande wa magharibi.

Hata hivyo sheria na boti za doria hazikutosha. Bahari ni pana na walinzi ni wachache. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1990 mashirika yaliyokuwa yakisaidia Misali yalimwalika Fazlun Khalid, mwanachuoni wa mambo ya mazingira mwenye asili ya Sri Lanka aliyeanzisha taasisi ya Kiislamu ya mazingira huko Uingereza. Yeye na wenzake walikaa na masheikh, maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi, wakasoma pamoja Aya zinazohusu viumbe na bahari. Baadaye mafunzo hayo yaliingia katika khutba na madarasa. Wapo wavuvi waliosema kuwa amri ya serikali mtu huweza kuikwepa usiku, lakini ya Mola ataikwepea wapi?

JIBU LA SWALI

Sasa turudi kwa mwenzetu. Bahari ni ya Mwenyezi Mungu, hilo halina ubishi, na katika Suratun Nahl aya ya 14 tunakumbushwa kuwa ametutiishia bahari ili tule nyama yake mbichi. Lakini katika Suratur Rum aya ya 41 umetajwa ufisadi uliodhihiri barani na baharini kwa yale iliyoyachuma mikono ya watu. Kuruhusiwa kula si kuruhusiwa kumaliza.

Na tukio la kufungiwa samaki limo ndani ya Qur'ani yenyewe. Suratul A'raf, kuanzia aya ya 163, inasimulia habari ya watu wa mji uliokuwa kando ya bahari. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki wakawa wanawajia juu juu siku hiyo hiyo, na siku nyingine hawaji. Ulikuwa mtihani, na baadhi yao walishindwa. Hatusemi kuwa eneo la hifadhi ni sawa na amri ile. Lakini mvuvi aliyepita juu ya mwamba uliofungwa akawaona changu wamejazana chini ya ngalawa yake, anaujua mtihani huo vizuri kuliko sisi tunaousoma ukumbini.

Ama kuhusu nani wa kufunga, mafaqihi wamelizungumza katika mlango wa hima. Kabla ya Uislamu, mkubwa wa kabila akipenda malisho huyazuia yawe yake na wanyama wake peke yao. Mtume (S.A.W.) aliliondoa hilo. Hima ikawa haifai ila kwa maslaha ya Waislamu wote, na yeye mwenyewe aliiweka hima ya Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Madina pia aliifanya haram, wanyama wake wasiwindwe na miti yake isikatwe. Kwa hivyo kufunga kwa ajili ya wote kuna asili yake, na kufunga ili anufaike tajiri mmoja hakuna.

Swali la mwenzetu lilikuwa na swali jingine ndani yake, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwetu: huyu aliyefungiwa ale nini? Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy, mtumwa wake aliyemwacha huru, kusimamia hima, alimwusia aiogope dua ya mwenye kudhulumiwa. Akamwambia amwache aingie mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini maskini mifugo yake ikifa atamjia Khalifa pamoja na watoto wake. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Sisi tunaona ndiyo mizani ya kupimia kila eneo linalofungwa. Mwenye boti ya mashine na barafu anaweza kwenda mbali. Mwenye mtumbwi na madema manne, au mama anayeshuka pwani kwa miguu na kijiti chake, hawezi. Ukifunga mwamba ulio karibu na kijiji bila ya kuwauliza hao, umeweka mzigo juu ya mgongo mwembamba kuliko yote.

Kwa wanyonge kama hao iko njia nyepesi zaidi, ambayo baadhi ya vijiji vya Pemba, kikiwemo Kisiwa Panza, wameijaribu kwa pweza: kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, kisha kuifungua kwa siku maalumu za bamvua. Pweza ni tofauti na chewa. Hukua kwa kasi kubwa na huishi muda mfupi, kiasi cha mwaka mmoja na kitu. Jike akishataga huyalinda mayai yake pangoni bila ya kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimwacha miezi mitatu tu, utamkuta mkubwa mara kadhaa, au utakuta watoto wake.

Makala hii tumempa mwenzetu aliyeuliza aisome kabla haijapigwa chapa, naye akaipeleka nyumbani. Amerudi na jibu la baba yake, kwamba yeye hana ugomvi na hima, anataka kujua tu mpaka utapita wapi na nani ameupanga. Tumemwomba amwambie mzee aende na swali hilo kwenye kikao cha kamati ya wavuvi ya shehia, na awachukue wenzake wa madema.

Wallahu aalam.