Kucha zenye vishimo si lazima ziwe na fangasi

Mama anayeuza chai soko la Konyo Konyo, Juba, anaweza kukimbiwa na wateja kwa sababu ya kucha tu. Zikiwa nene, za njano na zimeachana na nyama, watu husema ni uchafu au ugonjwa wa kuambukiza. Huenda ni soriasisi, ambayo haiambukizi kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja. Hutokana na kinga ya mwili kushambulia ngozi na kucha za mtu mwenyewe.

Angalia kama kucha zina vishimo vidogo kama vilivyochomwa na sindano, au kama una mabaka yenye magamba kwenye viwiko, magoti au kichwani. Vidole vikivimba na kuuma, usingoje, maana viungo vinaweza kuharibika moja kwa moja.

Soriasisi na fangasi hufanana sana, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kabla ya kununua vidonge vya fangasi vya miezi kadhaa, uliza kama kipande cha ukucha kinaweza kupimwa maabara.

Matibabu huanza na dawa kali ya kupaka kwenye mzizi wa ukucha, kwa mfano clobetasol. Dawa hiyo hiyo imo katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa sokoni. Usijitibu nazo: zikitumiwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba. Daktari wa ngozi anaweza pia kuchoma sindano karibu na ukucha. Inauma, lakini husaidia.

Ugonjwa ukiwa mkali kuna vidonge vya methotrexate. Hivi humezwa mara moja kwa WIKI. Kuvimeza kila siku kunaweza kuua. Mjamzito haruhusiwi kabisa, na anayevitumia hupimwa damu na ini, na aachane na pombe. Sindano mpya za kudhibiti kinga zipo duniani, ila bei yake wengi wetu hatuiwezi.

Ukucha wa mkono huchukua miezi 6 hivi kuota upya, wa mguu mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo usiache dawa baada ya wiki tatu. Kata kucha fupi, usichokonoe chini yake kwa mti au waya, na vaa glavu unapoosha vyombo.

Ukiwa kambi ya Gorom, anzia zahanati ya hapo na uulize kuhusu rufaa ya kwenda hospitali ya mjini. Nenda na dawa zote ulizokwisha kutumia, hata za kienyeji.