Rubani Beryl na abiria wa ng'ambo ya Yatta

Maji ya mto Ruiru hayaishii Ruiru. Huingia Athi, yakaporomoka Fourteen Falls karibu na Thika, yakapita chini ya Kilimambogo, kisha yakaandama uwanda wa Yatta, mkondo wa lava unaoanzia hapo na kunyooka kusini-mashariki kwa karibu kilomita 300. Kwenye nyika ya tembo ng'ambo ya uwanda huo ndiko rubani Beryl Markham alikokwenda kumtafuta abiria aliyemvulia kofia, Bror Blixen.

Wengi wanamjua Blixen kama mume wa Karen, mwandishi. Kwa wawindaji alikuwa Blix, kiongozi wa safari kutoka Uswidi ambaye hakuna kilichomtikisa. Beryl, aliyekulia Njoro, alimfanyia kazi ya kusaka tembo kutoka angani. Akiona dume lenye pembe nzito, huandika karatasi, huitia kifukoni na kukiangusha kambini, utepe wa buluu na dhahabu ukipeperuka nyuma yake ili kisipotelee vichakani. Walio chini hujibu kwa moshi.

Msimu mmoja mvua ilipitiliza. Mito ikafurika, na Blix akakwama porini pamoja na mteja wake, Winston Guest, na watu wao. Beryl aliruka na ndege yake ndogo aina ya Avian, akazungukazunguka juu ya vichaka mpaka akauona moshi. Karibu na moshi palikuwa na ukanda mfupi uliofyekwa kwa panga. Akatua. Katika kumbukumbu zake, Blix wa siku ile ni mtu mwenye njaa asiyepoteza utulivu wala mzaha wake.

Lakini mimi nawakumbuka zaidi waliozishika zile panga. Wengi wao hawakutajwa majina. Tunamjua Makula, Mkamba hodari wa kufuata nyayo. Bila jasho lao, ndege ile ingezunguka na kurudi Nairobi tupu. Nao tembo? Beryl mwenyewe aliandika kwamba ni upuuzi mtu kumuua tembo, ingawa alilipwa kwa kazi hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Mwaka 1936 alimbeba Blix tena, safari hii kutoka Nairobi hadi London kwa ndege ya injini moja, wakikatiza Sudan, Misri, Libya na bahari ya Mediterania. Kurasa alizoandika juu ya Blix katika kitabu chake cha mwaka 1942 zina heshima ya watu waliowahi kuaminiana roho zao. Blix alifariki mwaka 1946, Beryl mwaka 1986 jijini Nairobi.

Septemba ya mwaka ule wa London, Beryl alivuka Atlantiki kutoka Uingereza kuelekea magharibi, peke yake. Ndani ya ndege hapakuwa na nafasi ya abiria: palijaa matangi ya mafuta. Baada ya saa 21 na zaidi alianguka kwenye kinamasi huko Cape Breton, Kanada, akatoka akitembea.