Jua Lililo Mbali na Mlingoti

Siku isiyo na upepo, bendera ya Rwanda iliyo mbele ya ofisi ya Sekta ya Niboye, wilayani Kicukiro, huonekana rangi tatu tu: buluu, njano na kijani. Jua lake limemezwa na mikunjo. Upepo ukianza kuvuma ndipo linapojitokeza, kwenye pembe ya juu, mwisho kabisa wa kitambaa.

Pahala hapo si pa kawaida. Katika usanifu wa bendera, pembe ya juu iliyo jirani na mlingoti ndiyo ya heshima: huonekana hata bendera ikilala, na haichakai upesi kama upande unaopigwa na upepo. Bendera ya Saint Helena, kisiwa cha ng'ambo kilicho chini ya Uingereza, pembe hiyo imekaliwa na bendera ya Uingereza. Nembo ya kisiwa chenyewe, yenye jahazi la milingoti mitatu, imewekwa upande wa kupepea. Zanzibar nayo, ilipopata tena bendera yake Januari 2005, ilirudisha buluu, nyeusi na kijani za mwaka 1964, na penye heshima ikaweka bendera ya Muungano wa Tanzania. Hata asiyejua kusoma anaelewa: visiwa vina chao, ila vimo ndani ya dola kubwa zaidi.

Rwanda ilikuwa na hesabu nyingine. Bendera yake ya zamani, nyekundu, njano na kijani zilizosimama wima, ilifanana na ya Guinea, ndipo ikatiwa herufi R nyeusi katikati. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ilibeba kumbukumbu chungu. Bendera mpya, kazi ya msanii Alphonse Kirimobenecyo, ilipandishwa Kigali tarehe 31 Desemba 2001. Nyekundu, nyeusi na herufi vyote viliachwa.

Buluu, iliyochukua nusu nzima ya juu, ni furaha na amani. Njano ni maendeleo ya uchumi, kijani ni matumaini ya ustawi. Jua lenye miale 24 ni mwanga wa kuwaangazia watu wote: umoja, uwazi na vita dhidi ya ujinga. Ukilitazama kwa karibu utaona pete ya buluu ikitenga duara na miale, na dhahabu yake imekolea kidogo kuliko njano ya mstari. Pembe ya heshima imebaki buluu tupu. Kwa tafsiri yangu, hilo nalo ni tamko: hakuna dola, chama wala herufi iliyopewa kiti hicho.

Katiba inasema jua liko kulia, lakini anayeitazama bendera kwa nyuma ataliona kushoto, na hapo hakuna kosa. Kwa hiyo anayetaka kuhakikisha imetundikwa sawasawa aache kuhesabu kulia na kushoto, aangalie mambo mawili: buluu iwe juu, na jua liwe mbali na mlingoti.