Ulinganisho wa Vizuizi vya Matangazo katika Vivinjari vya Simu za Mkononi: Mahali pa Kuzuia na Athari Zake kwa Mtumiaji

1.0 Utangulizi

Mtumiaji wa simujanja anayefungua ukurasa wa habari huomba kitu kimoja, naye hupewa vingi. Pamoja na maandishi na picha alizozikusudia, simu yake hupakua mabango ya matangazo, video zinazojicheza zenyewe na skripti zinazofuatilia mwenendo wake kutoka tovuti moja hadi nyingine. Gazeti la The New York Times lilipopima tovuti 50 za habari mwaka 2015, lilibaini kwamba zaidi ya nusu ya data iliyopakuliwa ilitokana na matangazo na vitu vingine ambavyo vizuizi huvichuja. Kipimo hicho hakikuhusu tovuti za Kiswahili, hivyo uwiano wake usihamishwe kama ulivyo. Hata hivyo, hoja iliyomo inawagusa zaidi watumiaji wa Afrika Mashariki kuliko wasomaji wa gazeti hilo, kwa kuwa hapa sehemu kubwa ya watu hununua intaneti kwa bando la kulipia kabla. Tangazo lililopakuliwa bila kuombwa limekwisha kulipiwa na yule aliyeonyeshwa.

Maandishi mengi yanayolinganisha vizuizi vya matangazo huorodhesha programu, huzipa alama, kisha hutangaza mshindi. Makala haya yanashikilia kwamba njia hiyo inaanza mwishoni. Swali linalotangulia ni hili: kizuizi kinakaa wapi? Kinaweza kukaa ndani ya kivinjari, katika simu lakini nje ya kivinjari, au mbali kabisa katika seva ya mtu mwingine. Mahali hapo ndipo panapoamua kizuizi kinaweza kuona nini, kinaweza kufanya nini, na mtumiaji analazimika kumwamini nani.

2.0 Orodha za vichujio

Vizuizi vingi, japokuwa vina majina na nembo tofauti, hutegemea orodha zilezile. Iliyo maarufu zaidi ni EasyList, iliyoanza mwaka 2005 na ambayo hadi leo hutunzwa kwa kujitolea. Orodha ya aina hii ni faili la maandishi matupu, na kila mstari ni kanuni. Kanuni kama ||tangazo.example^ huagiza kwamba ombi lolote linaloelekea kikoa hicho likataliwe, na hivyo data yake haipakuliwi kamwe. Kanuni kama ##.bango huagiza kwamba kipande cha ukurasa chenye jina hilo kifichwe kisionekane. Tofauti hii ni ya msingi. Kanuni ya kwanza huokoa bando, ilhali ya pili, ikiwa peke yake, husafisha macho tu, kwa sababu kilichofichwa huenda kimekwisha kupakuliwa.

Kutokana na ushirika huo wa orodha, kudai kwamba kizuizi fulani ni bora kwa kuwa kina kanuni nyingi ni hoja dhaifu. Vizuizi viwili vinaweza kusoma orodha ileile vikatoa matokeo tofauti, kwa sababu kimoja kina uwezo wa kutekeleza kanuni zote na kingine hutekeleza zile nyepesi tu na kuziruka nyingine. Tofauti ya uwezo huo inatokana na mfumo endeshi na kivinjari.

3.0 Mahali pa kuzuia

3.1 iPhone na kanuni za kukabidhi

Apple iliruhusu vizuizi vya maudhui katika kivinjari cha Safari (jina ambalo wasemaji wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa asili yake) kupitia iOS 9, iliyotolewa Septemba 2015. Utaratibu wake ni wa kukabidhi: programu ya kizuizi huipa Safari orodha ya kanuni, Safari huzitafsiri mapema kuwa umbo linalosomeka haraka, kisha huzitekeleza yenyewe. Kizuizi chenyewe hakipo wakati ukurasa unapofunguliwa. Ni kama mwenye nyumba aliyemwachia mlinzi wa getini orodha ya wasioruhusiwa kuingia, akaondoka. Mlinzi hufuata orodha, lakini mwenye nyumba hajui nani alibisha hodi.

Faida ya utaratibu huu ni mbili. Kwanza, mtengenezaji wa kizuizi hawezi kujua mtumiaji anatembelea tovuti gani, hata akitaka. Pili, kazi ni nyepesi kwa kichakato na betri. Hasara yake ni ugumu wa orodha isiyoweza kufikiri. Idadi ya kanuni iliwekewa kikomo cha 50,000 kwa kila kizuizi, kikapandishwa hadi 150,000 katika iOS 15 mwaka 2021, na ndiyo sababu baadhi ya programu hujigawa katika vizuizi kadhaa vidogo ambavyo mtumiaji hutakiwa kuviwasha kimoja kimoja. Toleo hilohilo la iOS 15 lilileta pia viendelezi kamili vya Safari, vinavyoweza kuendesha skripti ndani ya ukurasa; tangu hapo programu nyingi huchanganya njia zote mbili, na zikiomba ruhusa ya kusoma kurasa, ile faida ya kwanza ya faragha hupungua. Ieleweke pia kwamba vizuizi hivi haviifikii Chrome ya iPhone.

3.2 Android: mlango uliofungwa na dirisha lililobaki wazi

Katika Android historia ni ya mvutano zaidi. Machi 2013 Google iliiondoa Adblock Plus pamoja na vizuizi vingine katika duka lake la programu, kwa hoja kwamba viliingilia kazi za programu nyingine. Mapema mwaka 2016 Samsung ilipoongeza uwezo wa kuzuia maudhui katika kivinjari chake, kizuizi cha Adblock Fast kiliondolewa dukani kwa hoja hiyohiyo, kisha kikarudishwa baada ya siku chache. Ikawa wazi kwamba kizuizi kinachofanya kazi ndani ya kivinjari kilichokikaribisha hakiingilii programu ya mtu. Chrome ya Android, kwa upande wake, haijawahi kupokea viendelezi kama ile ya kompyuta. Ni vigumu kuacha kutaja kwamba mmiliki wa Chrome hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na matangazo, ingawa msomaji hana haja ya kuamini njama yoyote ili kuona matokeo: kivinjari ambacho simu nyingi za Android hununuliwa nacho ndicho kisichopokea kiendelezi cha kuzuia.

Firefox ya Android ilichukua njia nyingine. Hupokea viendelezi, na ingawa toleo lililoundwa upya mwaka 2020 lilibakiza vichache tu, uBlock Origin ya Raymond Hill ilikuwa miongoni mwa vilivyobaki. Desemba 2023 mlango ulifunguliwa kwa viendelezi vingi. Hapa kizuizi hakikabidhi orodha na kuondoka. Husimama getini chenyewe, hulitazama kila ombi, huuliza limetoka ukurasa gani na ni la kitu cha aina gani, ndipo huamua. Kwa hiyo kinaweza kufanya mambo ambayo kanuni za kukabidhi huyashindwa ama huyafanya kwa shida. Badala ya kukataa skripti ya ufuatiliaji na kuuacha ukurasa umekwama ukiisubiri, huweza kuupa skripti bandia isiyofanya lolote. Huweza pia kugundua kikoa kilichovishwa joho, yaani anwani inayoonekana kuwa ya tovuti yenyewe kumbe katika mfumo wa majina ya vikoa inaelekeza kwa kampuni ya ufuatiliaji. Uwezo huu wa mwisho unategemea huduma ambayo Firefox huvipa viendelezi na Chrome haivipi.

Gharama yake ni imani. Kiendelezi kinachoona kila ombi kinaweza, kikiangukia mikono mibaya, kuwa mfuatiliaji mkubwa kuliko wote kinaozuia. Msimbo wa uBlock Origin uko wazi kwa ukaguzi, na hilo ni jibu zuri, lakini ni jibu kwa kiendelezi hicho tu. Google ilitumia hoja kama hii ilipokuwa ikiondoa uwezo wa kukatiza maombi katika viendelezi vya Chrome ya kompyuta na kuuweka mfumo wa kanuni za kukabidhi unaofanana na ule wa Apple. Kwa maoni ya mwandishi, hoja ya faragha ni ya kweli na haitoshi: mtumiaji anayejua anachokifanya ananyimwa chombo bora kwa ajili ya kumlinda asiyejua.

Kuna pia vivinjari vilivyozaliwa na kizuizi ndani yake. Brave, iliyoanzishwa na Brendan Eich na Brian Bondy, ina injini yake ya kuchuja iliyoandikwa upya kwa lugha ya Rust mwaka 2019. Opera Mini iliongezewa kizuizi mwaka 2016, lakini tabia yake ya kubana kurasa katika seva za Opera kabla ya kuzituma kwenye simu ni ya zamani zaidi, na kwa simu yenye kumbukumbu ndogo huenda ubanaji huo ukaokoa data kuliko kizuizi chenyewe. Malipo yake ni kwamba kurasa zilizobanwa hupitia seva ya kampuni.

3.3 Nje ya kivinjari

Tangu Android 9 ya mwaka 2018, mtumiaji anaweza kuandika katika mipangilio ya simu jina la seva ya majina ya vikoa anayoipenda, ikiwemo ile inayokataa kujibu kuhusu vikoa vya matangazo. Hakuna programu ya kusakinisha, betri haiguswi, na kinga hufika hata katika programu zisizo vivinjari. Kwa simu ya bei nafuu hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Lakini seva hiyo huona jina la kikoa tu, haioni ukurasa. Pale tangazo na maudhui yanapotoka katika kikoa kimoja, kama ilivyo kwa video za YouTube, haina la kufanya. Haiwezi kuficha nafasi tupu iliyoachwa na bango, wala kuisamehe tovuti moja na kuibana nyingine. Aidha, mwenye seva hupata orodha ya kila kikoa ambacho simu imekiulizia.

Programu nyingine hujenga mtandao binafsi wa bandia ndani ya simu yenyewe na kuupitisha mawasiliano yote. Njia hii ina nguvu zaidi, ila Android huruhusu mtandao mmoja tu wa namna hiyo kwa wakati, hivyo anayehitaji VPN ya kazini atalazimika kuchagua.

Hatua ya mbali zaidi ni kuzuia katika mtambo wa kampuni ya simu. Digicel ilitangaza jambo hilo mwaka 2015, ikianzia Jamaika, na haikuficha kwamba ilitaka kampuni za matangazo zichangie gharama za mtandao. Hapo kizuizi si chombo cha mtumiaji tena.

4.0 Namna ya kupima

Kurasa za majaribio zinazokipa kizuizi alama kati ya mia zimeenea, nazo hupotosha. Nyingi huhesabu ni vikoa vingapi vimekataliwa. Kizuizi kinachorudisha skripti bandia, ambacho kimefanya kazi bora zaidi, huweza kuhesabiwa kuwa kimeshindwa kwa sababu ombi "lilijibiwa". Kipimo kinachoaminika hufanywa kwa kurasa halisi, kumbukumbu ya kivinjari ikiwa imefutwa, toleo la orodha likiwa moja kwa vizuizi vyote, na kikirudiwa mara nyingi, kwa kuwa nafasi nyingi za matangazo huuzwa kwa mnada kila ukurasa unapofunguliwa na hivyo uzito wa ukurasa hubadilika. Mtafiti ahesabu pia kurasa zilizoharibika: fomu isiyotumwa, malipo yasiyokamilika, picha zilizotoweka.

Mipangilio ya awali nayo ni sehemu ya kipimo. Adblock Plus ya kampuni ya Eyeo, tangu mwaka 2011, hupitisha matangazo yanayokidhi vigezo vya "matangazo yanayokubalika", na kampuni kubwa hulipa ada ili ziwemo. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua Aprili 2018 kwamba biashara hiyo haivunji sheria ya ushindani usio wa haki. Uamuzi huo hauondoi wajibu wa mtafiti kusema kama alipima kizuizi kikiwa na upitishaji huo ama bila huo.

5.0 Tovuti za Kiswahili

Orodha za kanda zinazokuja na uBlock Origin zinahudumia lugha nyingi, toka Kiarabu hadi Kivietinamu. Kiswahili hakimo. Athari yake haionekani kwa matangazo yanayoletwa na mitandao mikubwa ya kimataifa, kwa kuwa EasyList huyakamata popote yalipo. Inaonekana kwa bango ambalo tovuti imeliuza yenyewe na kulihifadhi katika kikoa chake: tangazo la kampuni ya kubashiri michezo, kwa mfano, ambalo kijana hukutana nalo kila afunguapo habari za mpira. Kwa orodha ya Ulaya, bango hilo ni picha kama picha nyingine. Seva ya majina ya vikoa haiwezi kuligusa. Kinachoweza kuliondoa ni kizuizi kinachofanya kazi ndani ya kivinjari, tena kikiwa na kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya tovuti hiyo.

Upande wa pili una uzito wake. Septemba 2015 Marco Arment alitoa kizuizi cha iPhone kiitwacho Peace, kikawa cha kwanza kwa mauzo katika duka la Apple la Marekani, naye akakiondoa baada ya siku mbili, akieleza kwamba vizuizi huwanufaisha wengi lakini huwaumiza pia watu wasiostahili. Miongoni mwa tovuti za Kiswahili wako wachapishaji wadogo wasio na malipo ya usajili wala ruzuku, na bango wanaloliuza wenyewe kwa duka la mtaani halimfuatilii mtu na halizidi uzito wa picha moja. Orodha ya vichujio ya Kiswahili, ikiandikwa, italazimika kuamua kwa kila mstari kati ya bango hilo na lile la kubashiri, ilhali kiufundi yote mawili ni picha iliyohifadhiwa katika kikoa cha tovuti. Muundo wa kanuni unaruhusu uamuzi huo, kwa kuwa kanuni inaweza kutaja tovuti moja, folda moja, hata faili moja. Kazi iliyobaki ni ya kuzitembelea tovuti hizo moja baada ya nyingine na kurudi kila zinapobadilisha muundo.