Mzee wa Vita vya Kagera na Binti Anayemtunza

Kila tarehe 25 Julai Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Kesho yake Kanisa huwakumbuka Watakatifu Yoakimu na Anna, wazazi wa Bikira Maria. Siku hizo mbili zinatuelekeza kwa wazee tunaowakuta vijijini Uluguru, huko Mgeta na Matombo, tunapowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu: vijana wa mwaka 1978 waliokwenda kuyaondoa majeshi ya Idi Amin katika ardhi ya Kagera. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70.

Wengi wao walikuwa mgambo. Vita vilipokwisha mwaka 1979 walirudi kwenye jembe, bila pensheni. Zanzibar hutoa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi tangu mwaka 2016; huku Bara, mzee wa namna hiyo hutegemea jamaa zake, na mara nyingi jamaa hao ni binti mmoja. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, basi binti ndiye abakiye shambani. Ndiye hukesha baba anaposhtuka usiku akidhani anasikia mizinga, na ndiye hutafuta vijana wa kumbeba hadi barabarani anapozidiwa.

Binti huyo hutuambia kwa aibu kwamba ana dhambi, kwa kuwa hajafika kanisani miezi mingi. Tuseme wazi, maana jambo hili halihubiriwi vya kutosha. Katekisimu, namba 2181, inafundisha kwamba sababu nzito, kama vile ugonjwa au malezi ya watoto wachanga, humwondolea mwamini wajibu wa Misa ya Dominika. Anayemhudumia mgonjwa asiyeweza kuachwa peke yake anayo sababu hiyo. Kadhalika Kanuni ya 919, kifungu cha 3, inawaruhusu wazee, wagonjwa na wanaowahudumia kupokea Ekaristi hata kama wamekula ndani ya muda wa saa moja uliotangulia. Hivyo Komunyo ifikapo nyumbani, binti asijifiche jikoni kwa kuwa amekwisha kunywa uji.

Lakini ruhusa haimpi usingizi. Jumuiya zetu Ndogo Ndogo huenda kusali kwa mgonjwa, kisha huondoka (na vikombe vya chai huoshwa na yeye yule). Tunawaomba WAWATA na UWAKA wapange zamu ya kukaa na mzee Dominika, ili binti ashuke kanisani. Wanaume wasikwepe: kumwogesha baba ni jambo zito kwa binti, ingawa halisemi. Majina ya watakaojitolea yaandikwe kwa katekista wa kigango kabla ya Dominika ya nne ya Julai.